Masika Mia Tatu na Kumi na Wawili

Mama Nyirabahire aliingia dukani kwa Kavugho bila kusalimu. Watu wa kwao, wafugaji wa milima ya Masisi, huulizana kwanza habari za watoto, za ndama na za mvua, ndipo wafikie neno lililowaleta, kwa hiyo Kavugho aliacha kila alichokuwa akikifanya akamtazama. Mama yule aliweka kidumu chake cha maziwa sakafuni, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Dada Kavugho, unitafutie foto ya Isimbi. Ile ulimupigaka mwaka jana."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Papa Symphorien anaenda Pinga saa sita."

Papa Symphorien mwenyewe alikuwa pale pale, kwenye benchi kando ya mashine ya fotokopi, akingoja karatasi zake. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, wa shirika moja la kutafuta watoto waliopotea vitani, na gari lake lilikuwa nje limeelekezwa tayari upande wa Mweso. Akaitazama saa yake. Ilikuwa saa nne na nusu.

Shida yenyewe Kitshanga nzima iliijua. Mwezi wa pili risasi zilipolia katikati ya mji, watu walimwagika kila upande. Wengine waliishia Mweso, wengine Kashuga, wengine wakatokomea hadi misitu ya Walikale. Isimbi, binti wa miaka sita, alipotea katika mbio zile. Miezi mitano mama yake aliuza maziwa huku akimwuliza kila dereva wa pikipiki. Halafu wiki iliyopita Symphorien aliona Pinga, nyumbani kwa katekista mmoja, mtoto wa kike wa umri ule ule asiyetaka kutaja jina lake. Lakini mama mwingine alikuwa amekwisha kumdai. Wakubwa wa kule walisema wataamua Ijumaa, na leo ilikuwa Jumanne.

Nyirabahire asingeweza kwenda kujisemea. Njia ya Pinga ilikuwa na vizuizi vitano, na kwenye vizuizi vile watu walisoma pua yako, wajue kabila lako, kabla ya kadi yako. Mama hawezi kupita, basi uso wa mtoto upite badala yake, ndani ya bahasha ya Symphorien. Picha nyingine zote za nyumbani ziliungua pamoja na nyumba. Iliyobaki duniani, kama ilibaki, ilikuwa ndani ya kompyuta ya Kavugho.

Kavugho aliwasha groupe, jenereta yake ndogo ya Kichina iliyokuwa na kikohozi cha mzee. Petroli ilikuwa lita moja, na ya kuongeza haikuwapo sokoni tangu Jumapili. Kompyuta ilijivuta, ikaguna, ikafunguka. Akaingia kwenye dosie ya PHOTO, mafaili elfu mbili na ushei, na katika kile kidirisha cha juu kulia, pale pa kutafutia, akaandika *isimbi*. Alijua kabisa hatapata kitu. Aliandika tu kwa sababu mama wa watu alikuwa amesimama begani kwake akitazama, na ni vigumu kumwambia mtu hapana kabla hujaonyesha umejaribu.

Mashine ikajibu kwa Kifaransa chake kikavu kwamba hakuna kinachofanana.

"Jina yake aiko?" Nyirabahire aliuliza.

"Jina ya muntu yeyote aiko mu hii mashini, mama. Nilizitoaka zote."

Na alikuwa na sababu yake, sababu iliyomkosesha usingizi. Miaka miwili nyuma alikuwa akihifadhi picha kama fundi yeyote anavyohifadhi: jina la mteja, basi. Siku moja akaja mwanamume mwenye bunduki na viatu safi, mwenye adabu, tena msomi. Akavuta kiti, akasema, "Mama, andika Nyira, halafu utie nyota." Kavugho alikuwa hajawahi kuitumia ile nyota. Kumbe nyota inaiambia mashine: niletee kila linaloanza hivi, liendelee litakavyo. Aliandika. Zikajipanga sura arobaini na moja za akina mama na mabinti ambao majina yao yanaanza hivyo, yaani mama wa jamii moja tu, na yule bwana akazibeba zote kwenye flash yake, akashukuru. Wiki tatu baadaye wakaja wengine, maadui wa wale wa kwanza, nao wakataka majina yenye mwanzo mwingine, kwa nyota ile ile. Ama kweli watu wanaweza kuuana na bado wawe wamesoma darasa moja.

Kati ya wale arobaini na mmoja, wawili Kavugho hakuwaona tena. Labda walihamia Goma. Alijiambia hivyo kila Jumapili kanisani, na hakujisadiki hata Jumapili moja.

Ndipo alipofuta kila kitu na kuanza upya kwa akili ya kwao. Kavugho alikuwa Mnande wa Butembo, na kwa Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa: msichana wa kwanza ni Masika, wa tatu ni Kavugho kama yeye, mvulana wa kwanza ni Paluku, na kuendelea. Kwao hesabu hiyo ina mikunjo yake, kuna mapacha, kuna msichana anayefuata wavulana. Yeye akaikunjua, akairahisisha. Kila mteja alimwuliza jambo moja tu: wewe ni mtoto wa ngapi kwa mama yako? Akaandika jina la zamu hiyo na namba, akampa mteja kikaratasi. Mwenye bunduki akija na nyota yake, atakuta Wanande watupu, watu wa maduka na malori, ambao hawakuwa kwenye ugomvi ule. Mteja akirudi na kikaratasi chake, Kavugho alifungua faili hilo moja na kulifunga. Hakuandika orodha popote. Alijivunia kazi ile kuliko kitu chochote alichowahi kufanya, na haki yake.

"Kikaratasi nilikupaka, iko wapi?"

"Iliungua na nyumba."

"Basi Isimbi ni mutoto wa ngapi?"

"Wa tatu."

Kavugho akaandika *Kavugho\*.jpg*, nyota mahali pa namba, akabonyeza. Zikaja picha kumi na tisa. Nyirabahire aliinama karibu na kioo mpaka pumzi yake ikatia ukungu, akapita sura kwa sura, kisha akarudia tangu mwanzo.

"Hayuko."

"Tazama pole pole."

"Dada, mutoto wangu ninamujua. Hayuko."

Labda aliandika wa pili kwa kukosea? Hamna. Wa nne? Hamna. Kutafuta kwa tarehe ndiyo kabisa isingewezekana, maana betri ya ndani ya mashine ilikufa zamani, na kila groupe ilipozimwa kompyuta ilirudi mwaka 2002 kama mtu aliyekataa kuyaona yaliyofuata. Na kuzipitia zote elfu mbili, saa sita isingengoja wala petroli isingetosha. Kavugho alipitisha mkono usoni. Wazo likamjia, baya kuliko yote, kwamba katika kuwaficha watu amemficha mtoto huyu hata mama yake asimwone, na kwamba huko Pinga Ijumaa Isimbi atakabidhiwa mgeni kwa sababu ya werevu wa mwanamke mmoja wa Butembo.

Saa tano ikapita. Symphorien alikwisha kupokea fotokopi zake, akazipanga, akazipangua.

Nyirabahire akamwinamia Kavugho sikioni, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Tafuta wa kwanza."

"Umesema ni wa tatu."

"Ni wa tatu. Ile siku nilikuambia ni wa kwanza. Nilikudanganya."

Kavugho aligeuka akamtazama. Hakukasirika, alishangaa tu, mshangao wa kitoto. Mtu aweza kuficha umri wake, kuficha mume, hata kuficha dini. Lakini zamu ya kuzaliwa? Kwao hilo ndilo jina lako lenyewe, unaitwa hivyo na bibi kabla hujaoshwa. Katika miaka ile yote, akiuliza na kuandika, kuuliza na kuandika, halikumjia akilini hata siku moja kwamba mtu anaweza kulisemea uongo. Mhunde angelifikiria, Mnyarwanda angelifikiria, hata mtoto wa sokoni angelifikiria. Mnande, aa.

"Ulikuwa unaniuliza mbele ya bantu," Nyirabahire alisema. "Mie ningesema huyu ni wa tatu, wangeuliza wale wawili wako wapi, na ni wavulana, na wana miaka ngapi. Mutoto wa kwanza hana kaka. Njo vile tunasemaka sisi wote."

Sisi wote. Kavugho akaandika *Masika\*.jpg*, akabonyeza.

Mashine ilifikiri muda mrefu. Kisha pembeni chini ikatoa idadi: mia tatu na kumi na mbili.

Kavugho aliisoma namba ile mara tatu. Wa tatu kumi na tisa, wa kwanza mia tatu na kumi na wawili, katika nchi ambayo mwanamke mwenye watoto watatu huhesabiwa kuwa ndiyo kwanza ameanza. Alikuwa akiziona sura hizi moja moja, siku baada ya siku, akipokea majibu yao na kuwatakia heri. Sasa alizitazama zote pamoja, na nyuma ya kila msichana aliona mvulana ambaye mama yake alimmeza kooni ili asisikike. Alitaka kuzima mashine.

"Endelea," Nyirabahire alimwambia. "Shusha."

Akashusha. Safu sita sita, nyuso juu ya nyuso, kila moja na ukuta wa bluu nyuma yake. Nyirabahire alitaja kwa mnong'ono, na Kavugho alitamani asitaje. "Huyu ni wa Valérie. Valérie ana saba." Safu nyingine. "Huyu wa Anne, wa Ngungu kama sisi. Kaka yake mukubwa alichungaka na wangu." Safu nyingine. Kuna moja aliyoiruka bila neno, akajifuta macho kwa kitenge. Groupe huko nje ikakohoa, taa ikafifia, ikarudi. Symphorien alikuwa amesimama nyuma yao sasa, na dereva wake amechungulia mlangoni mara mbili.

"Simamisha! Hapo. Hapo!"

Isimbi alikuwa kwenye safu ya arobaini na kitu, na sweta ya kijani, jino moja la mbele halipo, amekunja uso akiitazama kamera kana kwamba inamdai.

Symphorien alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Aliinama.

"Njo yeye," alisema. "Mama, njo yeye. Hata vile anakunja uso."

Nyirabahire aliketi sakafuni. Hakupiga vigelegele wala hakulia kwa sauti. Alishika kidumu chake cha maziwa kifuani na kutikisika, na Kavugho akashuka chini naye, akamkumbatia, wote wawili wakicheka na kulia. Furaha ile ilikuwa ya kweli na iliwajaa. Kavugho alijisikia kama mtu aliyesamehewa.

Picha ikachapwa. Symphorien akafungua fiche ya Nyirabahire, fomu ya kumtafuta mtoto aliyoijaza mwezi wa tatu, ili aibane pamoja nayo. Akaisoma. Mkono wenye pini ukasimama.

"Mama. Hapa umeandikisha mutoto ni wa kwanza. Ndugu: hakuna."

"Ndiyo," Nyirabahire alisema polepole, akiinuka.

"Ule mutoto wa Pinga, tangu afike amesema maneno moja tu. Kwamba anangoja kaka yake. Alimubeba mu mugongo, akamuweka chini pa daraja, akamuambia ningoje hapa. Na ule mama mwingine, fiche yake iko na kaka." Aliweka karatasi mezani. "Foto ni yake, mie nimeona na macho yangu. Lakini foto na fiche zikikatalana, kule hawatanisikiliza. Watasema mama huyu hata batoto wake hawajui."

Mficha maradhi, kifo humuumbua; lakini wahenga waliosema hivyo hawakuwa na mtoto wa kiume wa miaka kumi na mitano katika Kitshanga ya mwaka ule. Kavugho aliielewa karatasi ile kabla ya kuambiwa. Yeye ndiye aliyezipiga fotokopi zake, alijua nakala ngapi na zinakwenda wapi: moja ya shirika, moja ya katekista, moja inabaki kwa wale wanaoshika Pinga, na wale walikuwa na kazi moja kubwa, kukusanya wavulana.

"Ataulizwa jina ya kaka yake?" aliuliza Kavugho.

"Ataulizwa. Zikipatana, anapanda gari siku ile ile."

"Tuandike Paluku." Maneno yalimtoka haraka. "Kwetu kijana wa kwanza ni Paluku. Papa Symphorien, nani atajua? Andika Paluku."

"Mutoto atajua," alisema Symphorien, naye uso wake ulionyesha alitamani isiwe hivyo. "Atasema jina ya kweli, na karatasi itasema Paluku."

Dereva akapiga honi. Njia ya Pinga ilifungwa mapema. Gari lisilovuka Mweso kabla ya saa saba lilirudi. Nyirabahire alikuwa akiitazama ile picha iliyochapwa, wino wake haujakauka vizuri. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Hawasemi afanyeje mzazi mwenye wawili.

"Dada Kavugho," aliita. "Andika upya. Mie nitasema."

"Fikiri kwanza, mama."

"Nimefikiri miezi tano. Andika. Wa kwanza, Kanamugire. Walimuchukua Ngungu, hatujamuona tena. Wa pili, Valens. Miaka kumi na tano. Wa tatu, Isimbi."

Kavugho aliandika. Alikosea herufi, akafuta, akaandika tena. Haya yalikuwa majina ya kwanza ya kweli kuingia kwenye mashine ile kwa miaka miwili, na aliyapiga kwa mkono wake mwenyewe, nakala tatu. Symphorien alizitia bahasha, akamshika Nyirabahire bega, akatoka. Petroli ya groupe ilikwisha gari likiwa bado linapanda kilima.

Jioni ile Nyirabahire alimwambia Valens kila kitu, maana hakutaka kumdanganya na yeye pia. Baadaye alimsimulia Kavugho jinsi kijana alivyosikiliza. Hakulaumu. Aliuliza tu kama Isimbi alikuwa mzima, na kama kweli alikuwa bado anamngoja, kisha akasema, "Nilirudi pale daraja, mama. Nilirudi, sikumukuta." Alikunywa maziwa yake yote. Asubuhi, mama alipokwenda kukamua, mkeka wa Valens ulikuwa umekunjwa na koti lake halikuwapo.

Siku ya Alhamisi wanaume watatu walifika kwa Nyirabahire. Walitaka Valens, mwana wa pili, miaka kumi na tano. Walisema hivyo hivyo, kwa mpangilio ule ule wa karatasi. Walipekua, wakakosa, wakachukua mbuzi, wakasema watarudi.

Jumamosi gari lilishuka kutoka Mweso likiwa limejaa tope mpaka madirishani. Watu walikusanyika mbele ya duka la Kavugho, kwani habari njema katika mji ule zilikuwa chache na kila mtu alitaka kipande chake. Symphorien alifungua mlango wa nyuma, akamteremsha Isimbi. Alikuwa amekonda, ameota jino. Mama yake alimkimbilia, akapiga magoti topeni, akamkumbatia, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka.

Mtoto alijiacha akumbatiwe. Lakini juu ya bega la mama macho yake yalikuwa yakipita kwa watu, uso baada ya uso, wanaume kwanza, kisha vijana. Alipowamaliza wote akajitoa mikononi taratibu.

"Kaka iko wapi? Yaya Valens? Niliwaambia jina yake, wakaniacha nikuye."

Vigelegele vilikatika. Nyirabahire alimtazama Kavugho, kisha akamfuta mtoto uso kwa kitenge.

"Atakuya," mama alisema.

Isimbi alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyezoea kazi hiyo. Alivuka hadi kwenye ngazi ya duka, akaketi, akaelekeza uso njiani. Walipomwita aende nyumbani akale, alisema waende tu, yeye anangoja.